Usalama wa watoto mtandaoni katika shule isiyo na kompyuta hata moja

Kila muhula ukianza napigiwa simu zile zile. Leo mwalimu mkuu wa Uvinza, wiki ijayo wa Buhigwe, kisha jirani yangu wa hapa hapa Ujiji. "Mwalimu, hili la usalama mtandaoni tumeambiwa tulifanyie kazi. Shule yangu haina umeme. Naanzia wapi?" Mwingine: "Wanafunzi wangu hawaruhusiwi kuja na simu. Si nimeshamaliza?" Wa tatu anataka jina la programu ya kufungia, kana kwamba kuna kitufe mahali, ukikibonyeza watoto mia tisa wanakuwa salama kwa mpigo.

Nimeona niandike mara moja, anayeuliza nimtumie. Mwongozo huu ni wa shule ya msingi ya kawaida mkoani Kigoma: watoto wengi, walimu wachache, kompyuta hakuna au iko moja ya ofisini ya kuandikia barua na kupanga matokeo.

Swali la pili nalijibu kabisa hapa: hujamaliza. Marufuku ya simu shuleni inalinda saa za shule tu. Mtoto akifika nyumbani, kabla hata hajavua sare, ameshika simu ya kaka yake. Jambo likimpata saa tatu usiku, kesho yake anasimama nalo mstarini, kimya, na mwalimu wa zamu anamwona ni mvivu wa kuimba.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kauntabuku moja mpya na droo au kabati lenye kufuli. Usitumie daftari la adhabu wala la mahudhurio.
- Walimu wawili wanaopendwa na watoto, angalau mmoja mwanamke. Mmoja wao awe anasikia Kiha vizuri.
- Simu janja moja ya kujaribia, ya kwako au ya mwalimu mwenzako, na bando dogo.
- Namba nne kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa ofisi: 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto na haina malipo, Dawati la Jinsia na Watoto la kituo chako cha polisi, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na 15040, ya kuripoti ujumbe wa matapeli.
- Mazungumzo na Afisa Elimu Kata kabla, si baada. Akisikia kwa mzazi mwenye hasira kwamba shuleni kwako "wanafundisha picha chafu", umechelewa.
- Wiki tano au sita. Hili halifanyiki kwa semina ya siku moja yenye soda.

Projekta huhitaji. Chumba cha kompyuta huhitaji.

Hatua ya 1: Jua simu ziko wapi

Usikisie. Ingia darasa la tatu hadi la saba, darasa moja moja, waambie watoto walaze vichwa juu ya madawati na wafumbe macho. Kisha uliza, wanyooshe mikono: nani wiki hii ameshika simu ya picha? Ilikuwa ya mama au baba? Ya kaka au dada? Ya mtu asiyekaa nyumbani kwenu? Nani ameangalia video kwenye kibanda? Nani anajua namba ya siri ya simu ya mtu mzima?

Hesabu mikono, andika idadi tu. Majina usiandike.

Nilipofanya hivi mara ya kwanza nilitegemea simu ya mama iongoze. Mikono ilikuwa mingi zaidi kwenye kaka na dada, na ipo iliyonyooshwa pale kwenye "mtu asiyekaa nyumbani kwenu". Hapo ndipo pa kuangalia kwa jicho kali: kijana wa kijiweni, mwenye kibanda cha kuchaji, mpangaji wa chumba cha uani. Mtoto asiye na simu kwao anaazimwa na mtu, na yule mtu hatujui anataka nini.

Tahadhari: usiulize "nani ameona video chafu?" mbele ya darasa. Waliowahi kuona hawatanyoosha, na ambao hawajawahi watakwenda kutafuta ni kitu gani hicho.

Hatua ya 2: Anza na simu za walimu, ikiwemo yako

Hapa wengi wananikasirikia. Kabla hujamfundisha mtoto, fungua simu za walimu wako na uangalie tunachokifanya sisi.

Mtoto wa darasa la pili ameshindwa kusoma "kikapu" ubaoni. Mwalimu anarekodi, anacheka, anaweka kwenye hali yake ya WhatsApp, na jioni video iko TikTok ikiwa na maelfu ya wanaocheka. Mtoto ana sare, jina la shule liko ukutani nyuma yake, sauti ya mwalimu inamwita kwa jina. Atakapofika darasa la saba bado kutakuwa na mtu anayo. Kwangu mimi huo ndio uonevu wa mtandaoni unaofanyika zaidi katika shule zetu za msingi, na wanaoufanya ni watu wazima wenye vyeti.

Itisha kikao cha walimu, andikeni masharti mafupi, kila mmoja asaini. Ya kwetu ni haya:

1. Hakuna kumrekodi mwanafunzi kwa simu binafsi kwa ajili ya kuchekesha. Hakuna.
2. Picha ya shughuli ya shule inapigwa kwa mbali au mgongoni. Ikionyesha sura, mzazi awe amekubali kwa maandishi. Picha ya mtoto ni taarifa yake binafsi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipite, "sikujua" haitakusaidia.
3. Picha, jina kamili na mahali anapoishi mtoto visiwekwe pamoja. Hata akiwa amefaulu. Hata kama mfadhili anataka.
4. Mwalimu hachati na mwanafunzi faraghani. Akipata ujumbe kutoka kwa mwanafunzi, anamjibu mzazi.
5. Kishikwambi cha shule kina namba ya siri na hakiendi nyumbani kuchezewa na watoto wa mwalimu.

Hilo la tano si mzaha. Vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na baadaye kugawiwa walimu, vingine leo ndio televisheni ya nyumba nzima. Kagua kimoja kimoja. Ukikuta akaunti za watu watano ndani yake na picha za harusi, vifute, weka akaunti moja ya shule.

Grupu la wazazi la WhatsApp nalo liguse. Ingia kwenye mipangilio ya grupu, weka wanaoruhusiwa kutuma ujumbe wawe maadmini tu, na wanaoruhusiwa kuongeza watu wawe maadmini tu. Linki ya kujiungia usiisambaze ovyo. Kwenye grupu moja la wazazi ninalolijua, mtu aliingia kwa linki, akakaa kimya wiki mbili akisoma majina, kisha akaanza kuwapigia akina mama mmoja mmoja: "Mwanao kaanguka shuleni, tupo hospitali, tuma hela ya vipimo haraka." Waliotuma walituma. Tangu hapo tunawatangazia wazazi kila muhula kwamba shule haiombi hela ya matibabu kwa simu, na ujumbe wa namna hiyo wautume 15040.

Hatua ya 3: Tangaza kwamba anayesema hachapwi

Ukifanya hatua moja tu kati ya zote hizi, fanya hii.

Nikiri la kwangu. Miaka iliyopita, katika shule niliyokuwa nafundisha, mtoto wa darasa la sita alikuja ofisini kusema ametumiwa picha ya utupu na mtu asiyemjua, kwenye simu ya dada yake. Swali la kwanza alilopata lilikuwa, "Na wewe ulikuwa unafanya nini na simu?" Aliyeuliza ni mimi. Akala viboko viwili, vikaandikwa kwenye daftari la adhabu: utovu wa nidhamu, simu. Muhula mzima uliofuata hakuja mtoto mwingine hata mmoja, nasi tukawa tunajisifu kwenye vikao kwamba tatizo hilo kwetu halipo.

Kwa hiyo kaa kwanza na mwalimu wa nidhamu mkubaliane. Mtoto aliyekuja kusema jambo la simu au mtandao haadhibiwi kwa kosa lolote alilolitaja ndani ya maelezo yake. Kama alichukua simu ya mama bila ruhusa, hilo ni la mama yake, na utamwombea. Kama alituma picha yake mwenyewe kwa sababu alidanganywa au alitishwa, si mkosaji. Hapo mwalimu wa nidhamu atakuuliza, "Sasa si watatumia hiyo kama kichaka?" Mjibu kwamba huenda mmoja au wawili watajaribu, na utawavumilia.

Kisha sema mstarini kwa maneno mepesi. Mimi husema hivi: "Kama mtu yeyote, kwenye simu yoyote, amekuonyesha au kukuomba kitu kilichokuogopesha, au amekwambia usimwambie mtu, njoo umwambie mwalimu fulani au mwalimu fulani. Hutachapwa. Hata kama simu uliichukua bila ruhusa, hutachapwa." Narudia kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Watoto hawaamini mara ya kwanza, wala sitegemei waamini.

Hatua ya 4: Weka njia ya kupokea

Wale walimu wawili uliowachagua wapangie mahali pa kukaa wakati wa mapumziko: chini ya mwembe, barazani, popote panapoonekana na watu lakini hapasikiki. Mlango wa kufungwa usitumie. Unamlinda mtoto, unamlinda na mwalimu.

Weka pia sanduku la maoni lenye kufuli, ufunguo kwa mmoja wa wale wawili na si kwako. Watoto wanajua kwamba mwalimu mkuu ana mambo mengi, na wengine wanakuogopa tu.

Mtoto anapozungumza, mwalimu asikilize na aulize machache: ilitokea lini, kwenye simu ya nani, huyo mtu bado anakutafuta? Basi. Asimhoji kama askari. Asiseme "una uhakika?" Aandike kwenye kauntabuku tarehe, saa, na maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Akiyasema kwa Kiha, yaandikwe kwa Kiha, tafsiri chini yake. Watoto wa darasa la kwanza na la pili wengi hawana Kiswahili cha kuelezea jambo la aibu, na ukilazimisha Kiswahili wanabaki kusema "alinifanyia vibaya", neno ambalo linaweza kuwa kofi au linaweza kuwa jinai.

Tahadhari: mwalimu asiahidi siri. Aseme, "Nitamwambia mtu anayeweza kukusaidia, na nitakuambia ni nani." Ukimwahidi siri kisha ukaivunja, wenzake wote watajua kabla ya kengele ya saa nane.

Hatua ya 5: Fundisha watoto, dakika ishirini kwa wiki

Wiki nne zinatosha kuanzia, ndani ya kipindi cha michezo au cha klabu. Haihitaji simu darasani.

Wiki ya kwanza, picha haifutiki. Njoo na kichupa cha mawese na daftari lililokwisha. Dondosha tone moja kwenye ukurasa wa kwanza, mwite mtoto alifute kwa kidole, kwa karatasi, kwa shati lake akitaka. Kisha fungua kurasa zinazofuata mmoja mmoja waone mafuta yalivyopenya. "Umefuta ya juu. Za chini nani atazifuta?" Katika yote niliyowahi kufundisha kuhusu mtandao, hili ndilo watoto hunikumbusha njiani.

Wiki ya pili, mtu usiyemwona. Waweke watoto wawili nyuma ya pazia au ubao wa kuegemeza, mmoja ajifanye bibi, mwingine ajifanye mtoto mwenzao, wengine waulize maswali na wakisie. Watakosea, watacheka. Waambie kwenye simu hakuna hata sauti ya kukusaidia kukisia. Hapa taja mwendo wanaoutumia wabaya: anakusifu, anakupa zawadi ya vocha, anakwambia iwe siri yenu, ndipo anaomba picha.

Wiki ya tatu, hela na namba ya siri. Soma ujumbe wa kitapeli halisi, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Watoto wengi ndio wanaowasomea bibi zao ujumbe wa simu, kwa hiyo ukimfundisha mtoto umemlinda na bibi. Waeleze pia kwamba kubeti ni kwa waliotimiza miaka 18, hata kama kaka anawatuma wamchagulie timu.

Wiki ya nne, matusi. Kumtukana mwenzako kwa sauti iliyorekodiwa, kumtengenezea picha ili achekwe, kumtoa kwenye grupu ili alie. Fanya igizo. Fundisha mambo matatu ya kufanya: usijibu, usifute, mwonyeshe mtu mzima. Hilo la kutofuta linawashangaza, kwa sababu kila mtu amewaambia wafute haraka.

Darasa la kwanza na la pili wape jambo moja tu: mkubwa akikuonyesha kitu kwenye simu na kusema usiseme, unasema.

Kama unataka siku ya kuonyesha igizo kwa kijiji, tumia tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Watu watakuja hata hivyo.

Hatua ya 6: Mkutano wa wazazi, mikono juu ya simu

Chagua siku kwa akili. Shule za mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kibirizi na Katonga hadi vijiji vya kusini mwa ziwa, itisheni mkutano wakati wa mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa baba yuko nchi kavu anashona nyavu na anaweza kuja. Ukiuweka wakati wa giza utazungumza na akina mama peke yao, na simu janja ya nyumba iko ndani ya mtumbwi. Kasulu na Kibondo angalieni siku ya gulio.

Usihutubie. Waambie waje na simu zao.

Anza na namba ya siri. Kwenye mkutano wetu wa kwanza mama mmoja muuza mawese alitoa simu kwenye fundo la kanga, kioo kimepasuka pembeni. Nikamwomba asiiwashe kwanza. Nikaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, na pale juu ya kioo kilichozimwa ikaonekana herufi L, imenyooka, inang'aa kwa mafuta ya kidole chake. Ndiyo ilikuwa mchoro wake wa kufungulia. Mwanawe wa darasa la nne alikuwa amesimama nje ya dirisha. "Shikamoo mwalimu. Mimi hata gizani naijua." Ukumbi ulicheka, kisha nikaona watu wakipangusa vioo vyao kwenye magoti.

Kwa hiyo: namba sita badala ya mchoro, isiwe mwaka wa kuzaliwa, na isiwe ile ya hela.

Pili, wafundishe kubandika programu. Mzazi akitaka kumpa mtoto simu aangalie katuni, aingie kwenye Mipangilio, sehemu ya Usalama, awashe kubandika programu na kuweka iombe namba ya siri wakati wa kubandua. Kisha afungue video, aende kwenye orodha ya programu zilizo wazi, aguse alama ya programu hiyo na kuchagua kubandika. Mtoto hatatoka hapo kwenda kwenye ujumbe wala picha. Maneno yanatofautiana kidogo kati ya Tecno na Samsung. Weka simu kwa Kiswahili na utumie kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio.

Tatu, chujio la bure. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya DNS ya faragha (DNS ndiyo inayoitafutia simu anwani ya kila tovuti). Tafuta "DNS" kwenye Mipangilio, chagua kuandika jina la mtoa huduma, kisha andika: family.cloudflare-dns.com. Hifadhi. Tovuti nyingi za ngono zitagoma kufunguka, na haili bando la ziada. Waambie ukweli lakini: halizuii kinachotumwa ndani ya WhatsApp wala kinachopita ndani ya TikTok, na mtoto mjanja anaweza kulizima.

Nne, WhatsApp. Kwenye mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Uchafu mwingi unaomfikia mtoto wa miaka minane haukutumwa kwake. Umetumwa kwa baba, kwenye grupu la baba, ukajihifadhi wenyewe kwenye picha za simu, katikati ya picha za ubatizo. Na kwenye faragha, wanaoruhusiwa kumwongeza kwenye makundi wawe watu aliowahifadhi tu.

Mzazi atauliza kama mwanawe wa miaka kumi anaweza kuwa na akaunti yake. WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok wenyewe wameweka umri wa chini kuwa miaka 13. Inatosha kumjibu hivyo, usibishane.

Wenye simu za batani wasiondoke bila kitu. Wapige *106# waone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Wapo waliokuta laini wasizozijua.

Hatua ya 7: Jambo likitokea

Saa ya kwanza ndiyo inayoharibika mara nyingi. Fuata mpangilio huu.

1. Mtoto awe na mwalimu mmoja anayemwamini. Mpe maji. Asirudie maelezo kwa mwalimu wa pili, wa tatu na mwenyekiti.
2. Ushahidi ubaki ulipo. Simu isizimwe wala isifutwe kitu. Andika namba ya aliyetuma, jina la akaunti, tarehe na saa. Kama ni matusi au vitisho vya maneno, piga skrinshoti.
3. Kama ni picha ya utupu ya mtoto, usipige skrinshoti, usijitumie, usiitume kwa yeyote, hata kwa afisa elimu, hata kwa polisi kwa WhatsApp. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha picha kama hiyo au kuwawezesha wengine kuipata, na nia njema haibadilishi ulichotuma. Simu yenyewe, pamoja na mwenye simu, ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto.
4. Mpigie mzazi, isipokuwa kama mzazi ndiye anayetajwa. Hapo anza na afisa ustawi wa jamii.
5. Piga 116 kama hujui la kufanya. Hata saa za jioni. Mtoto mwenyewe pia anaweza kupiga.
6. Siku hiyo hiyo Afisa Elimu Kata ajue kwamba lipo jambo na limepelekwa wapi. Jina la mtoto si lazima alijue.

Tahadhari kubwa: usimpigie mtuhumiwa "kumsikiliza na upande wake". Atafuta kila kitu kabla hujakata simu. Na usikubali kikao cha kumalizana kifamilia ofisini kwako. Nimeona mbuzi wawili na mabati vikitajwa mezani kama fidia, mtoto mwenyewe amekaa nje kwenye ngazi akingoja aambiwe arudi darasani.

Uonevu kati ya watoto wenyewe ni habari nyingine. Ingawa kifungu cha 23 cha sheria hiyo kinagusa uonevu wa mtandaoni, mtoto wa darasa la tano aliyemwita mwenzake nyani kwenye ujumbe wa sauti ni wa kwako na wazazi wawili, si wa polisi.

Hatua ya 8: Liweke kwenye kamati ya shule

Mara moja kila muhula, ajenda moja: ni mambo mangapi yaliyopokelewa, mangapi yalipelekwa mbele, nini kimekwama. Idadi tu, bila majina. Rudia pia zoezi la vichwa juu ya madawati kila Januari.

Ukikwama

*Sanduku liko tupu mwezi wa pili.* Angalia liko wapi. La kwetu lilikuwa mbele ya ofisi ya walimu, kila aliyetumbukiza karatasi alionekana na watu kumi. Tulilihamishia njia ya kwenda chooni.

*Sanduku limejaa malalamiko ya walimu.* Vizuri, linafanya kazi. Yasome, uyafanyie kazi kimya kimya, usiwinde mwandiko.

*Anayetajwa ni mwalimu wangu.* Hapa usifanye uchunguzi wako. Mtenge na mtoto kwa ratiba siku hiyo hiyo, peleka Dawati la Jinsia na Watoto, na mwarifu aliye juu yako kwa maandishi. Urafiki wa miaka kumi chumba cha walimu utakusukuma ungoje hadi Jumatatu. Usingoje.

*Mzazi amekuja juu: mnawafundisha watoto wetu uchafu.* Mkaribishe akae kipindi kizima cha wiki ya kwanza, ile ya mawese. Sijapata aliyetoka bado na hasira.

*Baada ya kuweka DNS simu haina intaneti.* Karibu kila mara ni herufi iliyokosewa. Kuna alama ya nukta (.) mahali pawili na kistari (-) kimoja, hakuna nafasi. Ikishindikana rudisha iwe ya kujiendesha, intaneti itarudi.

*Mtoto ameshajua namba mpya ya siri.* Badilisha, na wakati wa kuiandika mgeukie ukuta. Kama ni tineja wa nyumbani anayemwambia, zungumza na huyo.

*Kijijini kwetu mtandao haushiki.* Kadi za memori zinashika. Nenda kwenye kibanda cha kuchaji simu: yule kijana anajaza nyimbo na video kwa hela ndogo, na mtoto aliyetumwa na kaka yake anaondoka na kadi ambayo hakuna anayejua ina nini. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji, msiende na ukali, mwombe asimjazie mtoto kitu chochote bila mtu mzima. Wa kwetu alikubali, ila akataka barua yenye muhuri wa shule ili wateja wasidhani anaringa. Tulimwandikia. Ameibandika ukutani, chini ya bei ya kuchaji.